Kompyuta ya Induben na Shimo la Makoye

Kambarage, Shinyanga
30 Mei 1999

Baba Dorah mpenzi,

Mwangaluka. Sisi huku ni wazima. Dorah ameota meno ya mbele, yale makubwa, na sasa anaukataa uji. Anataka nyama kama mtu mzima anayelipa kodi.

Nina habari, na usiisome ukiwa umesimama. Unajua Mama Induben alivyokuwa akilalamika pale dukani kwake kwamba mashine yangu ya kuchapia imechoka. Basi Pritesh, mwanawe, ameleta kompyuta mpya kutoka Nairobi, bado ina nailoni usoni. Ndani ina kadi ya picha ambayo anasema imetoka kiwandani mwaka huu huu, na ndiyo inayofanya michezo iende mbio. Mpango wake ni kwamba chumba cha nyuma ya duka, pale palipokaa magunia ya chumvi, kiwe mahali pa kuchapa barua asubuhi, na jioni vijana walipe waje kucheza michezo kwenye skrini. Mchapaji ni mimi, msimamizi ni mimi.

Lakini imekuja tupu, haina mfumo wa kuiendesha, na bila mfumo ni sanduku tu lenye feni. Viral, binamu yake anayesoma Nairobi, ametutumia CD za kitu kinachoitwa Linux. Hiki watengenezaji wake wameruhusu kila mtu akitumie na akigawe bila kuvunja sheria. Linux ni moja, kama unga ulivyo mmoja, ila kila nyumba inasonga ugali wake. Kuna vikundi vinavyoichukua, vinaipanga, vinaongeza vyao na kuitoa kwa jina lao. Sisi tunazo CD za nyumba tatu. Slackware, Viral anasema haikufichi kitu lakini kazi yote utaifanya kwa mkono wako. Debian ni ya watu makini, hawaingizi jambo mpaka wamelijaribu. Red Hat, yaani kofia nyekundu, ni ya watu wa haraka, na CD yake ndiyo mpya kuliko zote. Pritesh ameniachia mimi nichague, maana yeye kila siku yuko Maganzo kwa mambo yake ya almasi.

Sasa sikiliza lililo muhimu. Mama Induben alisema mbele yetu wote: "Nane Nane ikipita na chumba hakina watu, kompyuta inakwenda kwa kaka yangu Mwanza, na mimi narudisha chumvi yangu." Chumba kikijaa, mimi ninabaki na kazi, na atahitaji mtu wa kuaminika wa kutunza jenereta na kukaa nasi pale nyuma, kuna vyumba viwili. Nikamwambia mtu huyo ninaye, yuko Nyarugusu anachimba. Akasema, "Mlete, Mama Dorah. Lakini kwanza kijae."

Kwa hiyo nisaidie kufikiri. Nichague ipi?

Mkeo,
Bernadina


Nyarugusu, Geita
11 Juni 1999

Mama Dorah wangu,

Wabeja kwa barua. Niliisoma nikiwa nimekaa, na nilipomaliza nikaendelea kukaa. Vyumba viwili. Mwambie Mama Induben nampa shikamoo yangu hata kabla hajaniona.

Mimi ni mzima, mgongo tu ndio una maneno yake. Mwamvua, mama lishe wetu, anakusalimu. Anasema kila nikila wali wake nasifu wa kwako, na siku moja atanimwagia mchuzi.

Unajua niliishia darasa la nne. Kompyuta nimeiona mara moja, kwa wazungu wanaopima ardhi. Iliwaka, ikazimika, mzungu akatukana, tukarudi kubeba mawe. Mambo ya ndani yake siyajui. Lakini ulivyoeleza nimeelewa vizuri sana, kwa sababu hilo ni jambo letu. Hao ni Wagika na Wagalu, vyama vyetu vya ngoma. Ngoma ni moja, ila kila chama kina manju wake wa kuongoza nyimbo, dawa yake na namna yake ya kurusha mguu. Unakumbuka kule Mhunze baada ya mavuno, vyama viwili vinacheza uwanja mmoja na watu wanakimbilia upande unaopendeza. Wanaoshindwa hawahami. Marehemu baba alikuwa Mgalu. Kuna mwaka walizomewa mpaka wakabaki wanawachezea mbuzi, na hakuhama. Alisema anayehama katikati ya ngoma, dawa humgeukia, miguu inakuwa mizito, na kule aendako hawamwamini.

Ushauri wangu basi ni huu. Chagua moja uishike. Usiweke hii leo na kesho ile. Ikikusumbua, ongeza bidii. Mimi ningechukua hiyo Slackware, maana haimfichi mtu na inataka kazi. Hiyo ndiyo tabia ya watu wa kwetu. Kofia nyekundu waachie hao watu wa haraka.

Huku shimo linaendelea. Mzee Makoye, mwenye shimo, anasema mwamba wa dhahabu uko karibu. Yeye ndiye aliyenipokea nilipofika hapa sina hata ndala, kwa hiyo akisema karibu, mimi nachimba.

Ukiiwasha, mchezo wa kwanza ucheze wewe, halafu uniambie.

Mumeo,
Bartholomeo


Kambarage
24 Juni 1999

Baba Dorah,

Nimekusikia. Nimeweka Slackware. Kweli inataka kazi, ilikuwa kama kulima bondeni wakati wa masika, lakini imekubali. Naandika amri, inajibu kwa maandishi meupe kwenye skrini nyeusi. Barua za watu nachapa bila shida. Michezo bado kidogo.

Pritesh alirudi kutoka Maganzo akataka tujaribu CD nyingine. Nikamwambia, "Kwetu hatuhami."

Akasema, "Kwenu wapi, Mama Dorah? Kompyuta ni yangu."

Nikamwambia mume wangu ameshasema. Akaiweka CD chini. Anakuogopa ingawa hajakuona. Nilimwambia una mabega.

Dorah anauliza kama baba yake bado anakaa ndani ya ardhi. Nimemwambia unatoka jioni.

Usibebe vizito. Nakujua.

Bernadina


Nyarugusu
5 Julai 1999

Mama Dorah,

Barua yako niliwasomea wenzangu kwa Mwamvua, isipokuwa pale pa mabega. Sasa kambi nzima ina vyama. Donatus, yule Mnyaturu tunayeshirikiana naye kamba, yeye ni Debian. Anasema mtu asiyejaribu jambo kabla ya kuliingiza ndiye huyo anayeoa akiwa amelewa.

Nikamwambia, "Wewe umeoa ukiwa umelewa."

Akasema, "Ndiyo maana najua."

Marselino, mwenzetu wa shimoni, anasimama na kofia nyekundu, kwa sababu tu mimi siitaki. Mzee Makoye alipoulizwa alisema yeye ni mtu wa jembe, ila anapenda kwamba hukuhama. Aliponisifia nilijisikia vizuri, nakuambia ukweli.

Shimo lina maji kidogo. Baadhi ya wenzetu wamehamia shimo jingine upande wa kilima, wanasema kule mawe yanang'aa. Tunawaita Wagika wakipita. Wanatuita panya wa kisimani. Ni utani tu. Mimi siendi popote, nasubiri mwamba wetu na wewe subiri watu wako. Sote wawili tutapata.

Nimefurahi kwamba mambo ya huko yanakwenda. Nikilala naona vile vyumba viwili. Kimoja nakipaka chokaa.

Bartholomeo wako


Kambarage
18 Julai 1999

Baba Dorah,

Leo sianzi na salamu.

Donatus alikuja hapa. Ameiacha dhahabu, anakwenda Maganzo kujaribu almasi, akapita kunipa salamu zako. Nilimpikia, akala, akasifia mboga, kisha akaanza kuzungumza, na unajua Donatus akianza. Anasema shimoni hakujatoka kitu tangu Pasaka. Anasema maji mnayateka asubuhi yote kwa madebe ndipo muanze kuchimba, na matimba yanayoshikilia kuta yameoza. Anasema unalala ukiwa umekaa, umeegemea gunia, kwa sababu ukinyoosha mgongo hauinuki. "Shimo linaendelea," uliniandikia. Linaendelea kwenda wapi?

Nilitaka kukasirika sana, halafu nikakumbuka kwamba na mimi nimekudanganya.

Michezo si bado kidogo. Haijawahi kuwaka hata mmoja. Nikiita picha, skrini inakuwa nyeusi tii, na inabidi nizime. Nimejaribu kubadilisha namba za skrini mpaka Pritesh akanishika mkono, akisema nikikosea skrini yenyewe inaweza kuungua. Vijana walikuja wiki ya kwanza wakachungulia, wakaona herufi, wakauliza kama hii ni kompyuta au telegramu. Sasa hawaji. Juzi nilimkuta Mama Induben anapima mlango kwa macho, kama magunia yatapita.

Nikaenda posta kumpigia Viral simu. Akaniuliza CD ya Slackware imeandikwa mwaka gani. Nikamsomea. Akacheka. Akasema, "Dada, CD hiyo ni ya mwaka juzi na kadi yenu imezaliwa mwaka huu. Itamjuaje mtoto ambaye hajazaliwa?" Anasema kosa si la Slackware, nakala yake mpya ingeijua kadi vizuri tu, ila mkononi hatuna. Hata ile ya Debian tuliyonayo ni ya zamani. Iliyo mpya hapa kwangu ni moja tu, kofia nyekundu, na imekaa kwenye mfuko wake muda wote huu kwa sababu mume wangu alisema hatuhami.

Nilikusikiliza kwa sababu nakupenda, na kwa sababu ulivyosema juu ya baba yako ilikuwa nzuri. Lakini baba alikuwa anacheza ngoma. Mimi natafuta nyumba ya kukaa na wewe.

Kesho nahama. Nakuambia mapema usije ukasikia kwa watu.

Bernadina


Nyarugusu
28 Julai 1999

Mama Dorah,

Donatus ana mdomo mpana. Lakini hakusema uongo.

Ni kweli hakutoki kitu. Ni kweli nalala nimekaa. Sikukuandikia kwa sababu ungesema njoo, na mimi ningekuwa sina la kujibu.

Ngoja nikueleze kama ninavyoweza. Mtu aliye chini ya shimo ameshikwa na kamba, na kamba imeshikwa na walio juu. Tulikuwa wengi. Sasa tumebaki Mzee Makoye, Marselino na mimi. Nikiondoka mimi, hawezi kushuka mtu hata mmoja, maana wawili hawatoshi, mmoja chini na mmoja juu ni kujiua. Yaani nikiondoka nimelifunga shimo lake. Na yeye ndiye aliyenipa ndala, akanipa nafasi ya kulala, nilipougua malaria akanichemshia maji mwenyewe. Dawa ya kunigeuka siiogopi. Nimekua. Ninachoogopa ni uso wake siku nitakapomwambia.

Kwa hiyo usiweke matumaini. Mama Induben akiuliza habari ya mtu wa jenereta, mwambie atafute mwingine. Nimeandika sentensi hiyo na kalamu imekataa, nikairudia.

Kuhusu kompyuta, hama. Nilikushauri jambo nisilolijua, nikalisema kwa sauti ya mtu anayejua. Umepoteza siku zako kwa ajili yangu. Weka hiyo kofia.

Mbusu Dorah kwa niaba yangu, na umwambie jioni natoka.

Bartholomeo


Kambarage
10 Agosti 1999

Baba Dorah mpenzi,

Keti sasa.

Nilihama. Niliweka CD ya kofia nyekundu, ikauliza maswali yake, nikajibu, na ilipofika kwenye kadi ya picha ikaitaja kwa jina, kama mtu anayemwona shemeji sokoni. Kisha skrini ikawa ya buluu, na kipanya kikatembea. Nilikaa nikikizungusha tu, kulia, kushoto. Pritesh alikuwa mlangoni anakula karanga. Akaacha kutafuna.

Ulisema mchezo wa kwanza nicheze mimi. Ni ule wa kukimbia ndani ya ngome na bunduki, mashetani yanakuja kutoka pembeni. Nilikufa kabla sijajua mimi ni yupi. Nikafa tena. Mama Induben akaingia, akaona damu ukutani, akasema, "Mama Dorah, hii nini? Nyumba hii hatuchinji hata kuku."

Nikamwambia, "Si damu, Mama, ni rangi."

"Rangi inayopiga kelele? Toa. Hakuna karata?"

Karata zipo. Nikamfungulia. Akavuta kiti. Wateja wa sukari wakaanza kugonga kaunta, na yeye anasema subirini, namtafuta mfalme. Tukakubaliana hivi: akiwepo chumbani ni karata na ule mchezo wa kupanga matofali yanayoanguka, akienda kusali tunafungua ngome.

Siku ya Nane Nane chumba kilijaa mpaka dirishani. Walikuja vijana wa Kambarage, wakaja na wengine wametoka Mhunze na baiskeli zao bado zina vumbi. Waligombania zamu. Mmoja akamwambia mwenzake, "Wewe umekufa zamani, toka kwenye kiti, maiti haikai." Umeme ulipokatika wakapiga kelele kama mpirani, na Pritesh akatoka kuhangaika na jenereta. Hawezi kuiwasha, Baba Dorah. Anaivuta kamba kama mtu anayemvuta mbuzi wa jirani. Mama Induben alikuwa anamtazama kutoka mlangoni, akanigeukia akasema, "Huyo mtu wako wa Nyarugusu bado yuko hai?"

Nikasema yuko hai.

"Magunia yangu nimeyapeleka stoo. Pritesh hatatafuta mtu mpaka mwezi huu uishe. Baadaye sijui."

Hilo ndilo neno lake, nimekuletea kama lilivyo.

Nikuambie na jambo moja zaidi. Nilipoitoa CD ya Slackware sikuitupa. Niliifuta kwa kanga, nikairudisha kwenye mfuko wake, iko rafuni. Viral anasema siku tukipata nakala mpya tunaweza kuirudia, na yeye mwenyewe kwake anatumia hiyo hiyo. Hakuna anayemnunia mwenzake. Watu wa vyama vyote hivyo, anasema, wanaandikiana na kusaidiana kila siku. Nilikuwa nimejiandaa kuogopa, nikakosa cha kuogopa.

Uso wa Mzee Makoye unauogopa mpaka unalala umekaa. Lakini umewahi kumuuliza? Usiniandikie mimi majibu. Mwambie yeye kwanza.

Mkeo anayekusubiri,
Bernadina


Nyarugusu
21 Agosti 1999

Mama Dorah wangu,

Nilimwambia.

Tulikuwa tumemaliza kuteka maji, tumekaa kwenye udongo tuliotoa, Marselino amekwenda kuchukua viazi kwa Mwamvua. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, yakapotea. Nikasema tu, "Mzee, mke wangu amepata mahali. Nataka kwenda nyumbani."

Alichukua jiwe akalipangusa, akaliangalia kwa jua, kama anavyofanya kila siku. Nikaona sasa ndiyo ile sura niliyoiogopa. Kisha akalitupa.

Akasema, "Lini?"

Nikasema, "Ukiniruhusu."

Akasema, "Bartholomeo, mimi nilijua tangu Pasaka kwamba hapa hakuna kitu."

Nikamuuliza, "Sasa mbona ulisema mwamba uko karibu?"

"Nikuambieje? Kila asubuhi natoka nje nakukuta umeshakaa na kamba mkononi. Nikasema huyu mtu ana imani, nikimwambia nimeshindwa nitamvunja. Nikawa nasubiri uchoke wewe kwanza, ili na mimi niende kwetu. Mke wangu analima peke yake."

Nilimtazama. Mtu yule ana umri wa kaka yangu mkubwa, na machozi yalikuwa yanamtoka huku anacheka. Nikamwambia kwamba mimi nilikuwa nakaa kwa ajili yake. Akasema, "Basi tumeteka maji haya yote kwa heshima." Marselino aliporudi na viazi tukamweleza. Akakaa chini. Akasema yeye alitaka kuondoka mwezi wa sita, ila aliona aibu kutuacha wawili. Mwamvua aliposikia alisema hajawahi kuona wajinga watatu wanaopendana namna hii, akatuongezea mchuzi bila kuambiwa.

Sitakuja leo wala kesho. Kuna ng'ombe wanaochungwa upande huu, na shimo wazi ni hatari, kwa hiyo tunalifukia mdomo kwanza. Tunarudisha udongo ule ule tuliotoa. Ni kazi, mgongo unasema yake, lakini tunaimba. Makoye anapiga koleo lake kwa nguvu ambazo sijaziona kwake mwaka huu.

Mwambie Mama Induben mtu wa jenereta yuko hai. Mwambie Pritesh aache kuivuta hiyo kamba kabla hajaikata. Dorah usimwambie lolote, nataka anikute mlangoni.

Barua hii inakuja na konda wa basi la Mwanza, mimi nitaifuata nyuma. Usiijibu. Hapa Nyarugusu hakutakuwa na mtu wa kuipokea.

Mumeo,
Bartholomeo